Kisogo

Ramani inaupa mita mia nane na kumi na mbili
na duara la kahawia, dogo kama kifungo cha shati.
Jina, hapana.
Kisanduku kwenye fomu yangu kiko wazi
tangu tuiache barabara ya Nachingwea.

Siku ya kwanza, mbung'o.
Siku ya pili, mto usio na maji;
tukauchimba kwa sufuria penye nyayo za tembo,
maji yakaja taratibu, tayari yana rangi ya chai.
Siku ya tatu miyombo ikaanza kufupika,
ikabaki nyuma mmoja mmoja, kama wasindikizaji,
na mwamba ukaanza.

Chinguile, mrina asali, akavua kandambili
akazifunga kiunoni.
"Mwamba husomwa kwa unyayo," akasema.
"Hivyo viatu vyako havijaenda shule."

Mashariki kuna ukungu wa asubuhi,
kuvumwani kila ufa, jiwe linateleza kama kambale.
Magharibi jua limekomba mpaka mfupa.
Pimbi wanaishi katikati,
wanahama na kivuli, saa nane wote wamegeuka.

Na kileleni?
Nafasi ya watu wawili, wakiwa wanapatana.
Mavi meupe ya tai. Kidimbwi kama sinia.
Nikamwaga masalia ya chai:
nusu ikashika kaskazini, kuitafuta Mbwemkuru,
nusu kusini, kwa Lumesule, kwa Ruvuma, hadi mpakani.
Majani yakabaki palepale.
Hayakuwa na safari.

"Unaitwaje?" Kalamu mkononi.
"Sisi? Kisogo.
Uso wake wanao watu wa Liwale.
Huku umetupa kisogo tangu kuumbwa."

Wiki mbili baadaye nikawa Liwale,
kwenye ghala la korosho, nikisubiri gari.
Karani wa mizani, Somoe Ngulangwa,
nikamchorea ule mgongo nyuma ya risiti:
bega hili, bega lile, na lile pengo.
Hakumaliza hata kutazama.
"Huo? Huo ni Kisogo.
Uso wake wako nao Nachingwea."

Nimejaza kisanduku. Herufi sita, zimeenea.
Bosi amepiga muhuri.

Ila usiku mwingine nageuka kitandani nikiwaza:
kama huku kisogo na kule kisogo,
basi mlima umelala, uso juu,
macho wazi kwa mvua na kwa tai,
na mimi, mgeni, mwenye viatu,
niliukalia puani
nikaumwagia chai.