Kidole cha Shahada

Kaseti ya arobaini na moja inaanza na kuku.
Kisha kikohozi. Kisha sauti yako, Mwalimu Ansere,
ukisema Kifante cha Saltpond, ambacho mimi, mtoto wa Tamale,
nakielewa kama anayechungulia chumba kwa tundu la ufunguo:
"Tena, baba. Polepole. Hapo gumba lilipokata kona."

Nimeajiriwa kuandika vibandiko.
Jina, mji, mwaka, hali ya utepe.
Hakuna mstari wa kuandika kuku.

Wanasema ulizaliwa nyuma ya karakana ya majeneza,
baba yako akipima watu kwa jicho wangali hai.
Masalia ya ubao wa odumu yakawa gita lako la kwanza,
nyuzi ukazichomoa kwenye breki za baiskeli ya katekista,
ambaye Jumapili ile aliteremka kilima cha kanisa
akiliita jina la Bwana kwa dhati kuliko siku zote.
Ulichapwa. Gita likabaki.

Vidole viwili tu: gumba na cha shahada.
Gumba linatembea chini, zito, kama mchukuzi wa kakao,
cha shahada kinarukaruka juu, kinamtania.
Vitatu vilivyobaki vimekaa tu, wageni arusini.
Kwa hivyo viwili ulilisha watoto sita,
ukizunguka na bendi katika lori la mbao,
Swedru, Nsawam, Tarkwa ya wachimba dhahabu,
usiku koti jeupe la hailaifu,
asubuhi deni la koti.

Halafu ikaja miaka ya amri ya kutotoka nje.
Saa kumi na mbili jioni mji ulifungwa kama duka.
Kumbi za dansi zikawa za mbuzi.
Wenzako wakaenda Lagos, wakaenda Hamburg,
mpiga tarumbeta akaokoka.
Wewe uliuza kipaza sauti, ukanunua kinasa sauti
na betri za magendo zilizokuja ndani ya mkate,
ukaenda mchana kweupe, mlango kwa mlango,
kumtafuta aliyemfundisha aliyekufundisha.

Mmoja alikuwa kipofu, mlinzi wa ghala la chumvi.
Mwingine alishauza gita, kanunua cherehani.
Huyo alikupigia muziki kwa ulimi,
mguu ukikanyaga pedali, sindano ikipanda na kushuka
juu ya kitambaa kisichokuwepo.
Kaseti ya kumi na saba. Sikiliza, si utepe unaokwaruza,
ni cherehani.

Ulipokwenda chuo kikuu ulikuwa na miaka arobaini na tisa,
na miwani ya kuazima. Chumbani mlikuwa na feni inayolalamika
na wasomi watano, mmoja akauliza:
"Ushahidi wenyewe uko wapi, Bwana Baidoo?"
Ukanyoosha kidole, kile kile.
Mmoja alidhani unamtisha.
Miezi kumi baadaye ukapewa shahada ya pili.
Ya kwanza ulikuja nayo, imeota sugu.

Mimi nilikukuta baada ya kiharusi.
Kidole kilikuwa kimelala na wale wageni watatu.
Gumba peke yake likawa linatembea, gunia kichwani,
bila mtu wa kulitania.
Ulinikalisha ubavuni, gita juu ya mapaja yetu,
nusu kwako, nusu kwangu.
"Wewe juu," ulisema, "mimi chini."
Nilikuwa mbaya. Bado ni mbaya.
Ulicheka mpaka chai ikamwagika kwenye tasnifu ya mtu.
"Umechelewa. Tena. Polepole."

Jana nimerudisha utepe nyuma mara tisa.
Kipofu anapiga, anasita, nyuzi zinashikwa,
na katika ile nafasi, pale pale ambapo kidole kingeruka,
kuku.

Chini ya hali ya utepe nimeandika kwa penseli:
kuku mmoja, yuko kwenye mapigo.
Bi Tawiah wa idarani atakifuta Jumatatu.
Nitakiandika tena.