Mita ya Pamoja

Zamu yangu huanza saa kumi na mbili jioni,
ghorofa ya nne, Kijitonyama,
kiyoyozi kikali, sweta begani,
chai ya tangawizi inapoa kando ya kibodi.
Jina langu Sikujua. Humu ndani naitwa Furaha:
kila anayekalia kiti namba saba huitwa Furaha.

Jumbe mia mbili na kumi na nne hazijasomwa.

Goba: MAJI LINI???
Wa Kimara kaweka vikatuni vya moto, vitano, bila neno.
Mbezi Makabe anauliza kama tunataka aogee bili.
Mwingine, sijui wa wapi, kanitukania mama,
kisha baada ya dakika mbili: samahani dada, ni joto.
Huyo nilimpenda.

Nawajibu. Mpendwa mteja, pole kwa usumbufu.
Mpendwa mteja, mafundi wapo eneo la tukio.
(Wapo? Bwana Kihwele kasema tuandike wapo.)
Tuna sentensi kumi na nane zilizoidhinishwa,
ukibonyeza tu zinamwagika,
kitu pekee kinachomwagika mjini wiki hii.

Saa nne na robo inaingia Tabata.
Picha: bomba la uani, mdomo mkavu,
ndoo ya bluu yenye mkono wa kamba ya katani,
na nyuma yake, juu, khanga imeanikwa.
Nikaikuza picha mpaka maandishi yakasomeka:
NIMEKAA KIMYA SI KWAMBA SIJUI.
Yangu. Niliifua alfajiri
kwa nusu dumu la shilingi mia nane.

Mtumaji ni Mama Shukurani, chumba cha pili,
ninayegawana naye mwiko na bili,
asiyejua nafanya kazi gani.
"Ofisini, zamu ya usiku," nilimwambia,
nikiogopa hiki hiki.

*Nyie watu wa maji hamna haya.
Nina mzazi ndani, kichanga kina siku tatu.
Nikioshe kwa mate?*

Sentensi ya kumi na tisa haipo.

Mpendwa mteja, nikaandika,
tafadhali tutumie namba ya mita.
Nikafuta.
Namba naijua, mwezi jana nililipa mimi.
Nikaijaza mwenyewe, nikatia alama nyekundu,
nikampigia fundi Mbwambo kwa simu yangu, salio langu.
Akaguna. Akasema ataona.

Imepokelewa, nikamjibu. Tunaleta boza asubuhi. Furaha.

*Boza mnaleta wapi? Mita hujaniuliza.*

Nikatazama sentensi zangu kumi na nane.
Vidoti vitatu vikacheza chini ya kioo:
anaandika, kaacha, anaandika.
Kihwele akapita nyuma yangu na daftari lake,
nikajifanya nasoma Kimara.

Saa sita kasoro:

*Haya. Khanga yako nimeianua, kuna umande.*

Goba anauliza tena.