Deni la Chai

Waliondoka Jumanne, saa ambayo ukungu wa Kuresoi
bado umenasa kwenye seng'enge kama pamba ya blanketi bovu.
Malori matatu. La nne lilikataa kuwaka,
likasukumwa na vijana walewale
waliokuwa wakitoroka kila liliponguruma.
Walilisukuma kwa bidii. Mmoja aliimba.

Mimi nilikuwa na sufuria jikoni,
maziwa yameshatiwa, majani yamekolea,
vikombe ishirini na viwili vimepangwa juu ya ubao.
Nani angeniambia? Amri haipitii kwa muuza chai.

Koplo Mwachiro alikuja mbio, kamba za buti zinaburuta,
akanipa noti ya mia kwa deni la mia tatu arobaini.
"Mama Kwamboka, zilizobaki nitatuma."
Nikamwuliza, na mlinzi utamtuma lini?
Akainama kufunga kamba.
"Wakubwa wamepeana mikono," alisema akiwa chini huko.
"Kumetulia."

Kumetulia.
Nyumba yangu ina kuta tatu.
Katika mabati kumi ya msaada, sita yamepigiliwa,
manne yameegemea mparachichi ulioungua ubavu mmoja
na ambao mwaka huu umezaa kwa ubavu wa pili.
Fundi aliyeletwa kutujengea alidandia lori la mwisho,
pimamaji ikichungulia mfukoni mwake.

Nikafungua daftari.
Nikakata jina la Mwachiro, maana ni mtoto wa watu,
nikaandika: Serikali. Mia mbili arobaini.
Na ukuta mmoja.

Jioni Sigilai akasimama kwenye mpaka.
Miezi kumi na minne tumesalimiana kwa kikohozi.
Leo alitaja jina la marehemu mume wangu, polepole,
kama mtu anayejaribu ubao wa daraja kwa unyayo.
Halafu akaniuliza kuhusu kura. Kadi ninayo bado?
Ninayo, nikamwambia. Iko ndani ya mkebe wa unga.
"Iache humo humo," alisema. "Unga hauongei."

Sikujua lilikuwa onyo au huruma.
Huenda naye hakujua.
Aliacha kibuyu cha mursik juu ya nguzo, akaenda
bila kugeuka, mgongo wake ukiwa mgongo tu,
mgongo wa mtu yeyote anayepanda mlima.

Usiku nikasikiliza mahali ambapo buti zilikuwa zikipita.
Magunia ya mchanga, kambi tupu, mlingoti bila bendera,
kamba yake ikigonga chuma, ti, ti, ti,
na mbwa wakibweka kwa zamu, kijiji hadi kijiji,
kama watu wanaopokezana habari.

Mabati manne.
Niyapandishe juu yazuie mvua,
au niyasimamishe chini yazuie watu?

Nilichukua nyundo.
Nyaboke alinishikia taa, hakuuliza kitu,
misumari akaiweka mdomoni kama alivyokuwa akifanya babake.
Mvua ikaanza saa nane.

Kulipokucha tulikuwa tumelowa, mimi na mwanangu na unga,
na ukuta wa nne umesimama.
Umepinda kidogo.
Pimamaji hatukuwa nayo.