Tundu la Sita

Besançon, Februari, theluji imegeuka tope.
Odile Vuillemin anatandika leso mezani,
anailaza saa ya dhahabu kifudifudi
kama mtoto anayengoja kupakwa mafuta.

Haitiwi maji. Kitambaa kikavu,
pumzi kidogo, kisha kusugua polepole;
dhahabu ni laini, inakumbuka kila kucha.
Ufunguo ni asubuhi, na ikigoma, acha.
Usishindane nayo.

Fundi Perrenot ameleta mikanda mitatu:
mweusi wa mamba, “wa kwendea mazishini,” anasema Odile,
wa kijani, unaopiga kelele,
na wa ndama, rangi ya kahawa iliyosahauliwa jikoni.
Upana milimita kumi na saba,
kipimo ambacho maduka yamekichoka.

Anachagua wa ndama. Una matundu matano.
Ule wa zamani, uliokakamaa kwa jasho la Anselme,
una sita: la mwisho alilitoboa mwenyewe kwa msumari,
limekwenda upande,
mwaka ule mkono wake ulipokuwa ukipungua.

“Nitobolee na hapa.”
Fundi anauzungusha mkanda kwenye mkono wa Odile.
Unaenea.
Hakuna anayesema neno. Saa tu,
ambayo hukimbia dakika mbili kwa siku.