Leso Iliyokosewa Jina

Robota lilifika na kosa ndani yake.
Mamangu alilifungua dukani, Mtaa wa Biashara,
akalisoma jina kwa sauti, ndiyo ada yake kabla ya kuuza:
*Udugu ni kufanana.*
Akanyamaza. Akalisoma tena.
N moja ilikuwa imejipenyeza mahali pa pumzi,
doti mia mbili, na hakuna hata moja iliyopona.

Nilikuwa na miaka tisa, nikacheka.
Yeye hakucheka. "Swafiya," alisema,
"pindo ni lile lile, mji ni ule ule, rangi imekolea.
Atakayejifunga hatajua amejifunga uwongo."

Sasa nakaribia sitini, na bado nalisoma robota lile.

Chumba changu ki nyuma ya hospitali,
upande unaochomwa na jua la alasiri.
Hadubini mbili, moja nzima.
Friji lakoroma kama mtu aliyesinzia katika hotuba ya Ijumaa,
na humo, vichupani, imo damu ya watu mia nne na kumi na wawili.
Wengine wao hukutana nami sokoni Makupa. Wengine hapana.

Nikiulizwa kazi gani hiyo, nasema:
nasoma namna mwili unavyojitia viraka.
Kila siku uzi wa DNA hukatika,
kwa jua, kwa moshi, kwa kupumua tu,
na kila siku mafundi wasio na mshahara hukimbilia mpasuko.
Fundi mpole huitafuta leso ya pili ya doti,
hutandaza pacha kando ya pacha,
husoma herufi zilizopotea, akaziandika upya.
Fundi wa haraka huvuta ncha mbili, akazifunga,
na kilichoanguka kati hakiulizwi.
Simlaumu. Kuna usiku haraka ndiyo rehema.

Chengo alitoka Mariakani, miaka kumi na saba, fizi zavuja.
Mwalimu wake wa mpira alidhani ni meno.
Chini ya kioo nikaziona:
seli changa, zimejaa uwanja mzima,
duara, zambarau, ndugu watupu.
Zilifanana, mama!
Zilifanana, na hakuna hata moja iliyokuja kumfaa.

Miaka kumi na minne nikamsaka fundi aliyelala kazini.
Aprili moja stima ilikatika siku mbili,
kazi ya miaka mitatu ikawa maji ya waridi kwenye sinki.
Wafadhili waliandika "kwa masikitiko," mara tano,
mara ya sita hawakusikitika hata.
Ni Ruwaida, mwanafunzi wangu, aliyeuona
mstari uliokosekana kwenye jeli.
Aliniita kwa sauti ndogo,
kama mtu aliyeona nyoka na hataki kumwamsha.

Protini moja. Haina hata jina la kuita mtoto, ni herufi na tarakimu.
Katika damu ya Chengo, na ya wengine thelathini na wanane,
haiingii ndani ya kiini.
Yazunguka nje, sindano mkononi, mlango umefungwa.

Ndiyo yote. Kurasa tisa jaridani,
jina la Ruwaida mbele ya langu.
Si dawa.
Ni kujua N iliingilia wapi.

Chengo hakusubiri kurasa tisa.
Kichupa chake, namba 219, kimo bado.
Tukikiyeyusha, seli zake huamka, hugawanyika,
hazijui kwamba mwenyewe hayupo.
Hapo huwa natoka nje kidogo.

Mamangu hakulirudisha robota.
Alikaa na sindano, akakata vipande vya kitambaa,
akaifunika N, leso baada ya leso,
hadi doti ya sitini na tatu macho yakamshinda.
Zilizobaki aliziuza nusu bei,
akimwonyesha kila mnunuzi, kwa kidole, kosa liko hapa.

Moja ninayo. Kiraka kimepinda, mishono haikulingana.
Jioni naifunika nayo hadubini,
ile nzima,
vumbi lisiingie.