Lishe ya Farasi

Kiwanda chetu cha misumari, Barabara ya Enterprise,
hakina farasi.
Kina mashine nne, moja mbovu tangu Pasaka,
kina Oduya wa ghala na paka wake asiye na jina.
Lakini kila mwisho wa mwezi
marobota ishirini ya majani makavu hushushwa Karen,
na risiti hushushwa mezani pangu.

"Andika usafirishaji," alisema Bwana Ngatia,
akacheka. "Kwani farasi si chombo?"
Nikaandika. Mkono huzoea,
kama ulimi unavyozoea jino lililovunjika.

Marumaru ya bafu la mkewe: ukarabati wa ghala.
Karo ya kijana, muhula wa pili: mafunzo ya wafanyakazi.
Oduya hajafunzwa lolote.
Hupima misumari kwa jicho na hakosei,
na kodi yake hukatwa
kabla mshahara haujamwona uso.

Sitasema sikujua. Nilijua.
Niliiona faida ikikonda kwenye karatasi
huku mwenyewe akitoboa mshipi tundu jipya.

Jumanne wakaja wawili kutoka Mamlaka ya Mapato,
mama mwenye miwani na kijana wa kubeba mafaili.
Chai aliikataa.
Alilamba kidole, akafunua, akafunua,
akakwama Machi.
"Huyu farasi," akauliza, bila kuinua sauti,
"hubeba misumari kilo ngapi?"
Oduya, kule mlangoni, alicheka,
kisha akajifanya anakohoa.

Mimi sikucheka.
Maana nyuma ya farasi, kurasa tatu tu,
ipo risiti ndogo ya duka la dawa, Kayole:
insulini ya mama, elfu nne mia mbili,
na pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe,
*vilainishi vya mashine.*
Bwana Ngatia aliitia sahihi bila kusoma.
Au alisoma,
akaninunua kwa bei hiyo. Hadi leo sijui,
na kuuliza ningeuliza vipi?

Kidole kikaloa tena.
Ukurasa.
Nje lori lilikuwa linarudi nyuma, likilialia,
Oduya akilipigia kelele, njoo, njoo, kata kushoto.
Ukurasa.

Nikavuta kiti, nikaketi kando yake.
"Huo unaofuata," nikamwambia,
"usimuulize mtu mwingine. Ni wangu."