Kapi la Elfu Thelathini

Alilinunua Masasi, chini ya turubai,
pamoja na misumari na kufuli la Kichina.
"Linabeba tani nzima, mama," muuzaji aliapa.
Somoe akageuza ndoano, akaona ulehemu
umekaa kama uji uliomwagika,
akasema moyoni: nusu tani. Labda robo.

Injini ya mashine yake ya kusaga, Tandahimba,
imelala kwenye matope ya mafuta tangu Jumatatu.
Vijana wanne walitaka elfu sitini
na soda.

Basi nguzo tatu za mninga zimefungwa kileleni,
kamba imepita kwenye roda mara nne,
na yeye mwenyewe, kanga kiunoni,
anavuta.

Anavuta mita nne, injini inapanda moja.
Haikupungua hata ratili.
Uzito ni uleule, umekubali tu
kulipwa kwa mafungu,
kama deni la duka kwa Chihako
kabla ya mnada wa korosho.

Mabega yake yanaijua hesabu hii.
Ada ya Mwanahawa, debe la pumba kwa debe la pumba,
ilikuwa kamba ndefu kuliko hii.

Kapi linalia. Roda ya pili inakwaruza.
"Tokeni hapo chini!" anawakemea watoto.
"Cha bei rahisi hakioni haya."

Injini inaning'inia, inadondosha mafuta,
inazunguka polepole kama inayotafuta mlango.
Somoe anaifunga kamba mara mbili,
kisha ya tatu, kwa kutoamini.
Anasukuma gogo chini yake.
Ndipo anapoomba spana,
namba kumi na saba.